Dhahabu ya Jino la Vumilia

Jumatano, tarehe 11 Juni 2025. Kulikucha na baridi kavu, na upepo ulisukuma vumbi la barabarani mpaka uani kwetu, mtaa wa Kambarage mjini. Jua lilitoka mapema lakini halikuwa na joto. Mdogo wangu Vumilia alikuwa ameinama juu ya beseni, akitema damu.

Hakuna aliyempiga. Alikuwa ameuma kipande cha michembe, viazi vitamu vya kukausha ambavyo nilivichemsha kwa karanga kama mama alivyokuwa akitupikia kijijini kwetu Didia. Kilikuwa laini kama mkate. Lakini fizi zake zilikuwa zimevimba, zimekuwa za zambarau, na zilitoa damu kwa kuguswa tu. Jino moja la mbele halikuwepo. Lilikuwa limetoka lenyewe huko kwake machimboni, na lililokuwa kando yake lilicheza kila alipolisukuma kwa ulimi. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita.

“Usiangalie, dada,” alisema, akaziba mdomo kwa kanga.

“Nisiangalie nini? Nimekulea mimi.”

“Naona aibu.”

“Aibu ya nini? Umeiba jino la mtu?”

Alicheka kidogo. Damu ikamtoka tena, tukaacha kucheka.

Alikuwa amefika jana yake kutoka upande wa Geita, kwenye machimbo madogo ambako mumewe Ngassa anachimba dhahabu. Alikuja na begi moja na agizo la mumewe: aende hospitali ya mjini apandikizwe jino. Siyo lile la kuvaa na kuvua, ambalo Ngassa alisema ni la vikongwe, bali lile linalokazwa ndani ya mfupa wa taya na kukaa humo maisha yote. Juu yake livikwe dhahabu, tena dhahabu yake mwenyewe aliyoitoa ardhini kwa mikono yake. Aliifunga kwenye kipande cha karatasi, na Vumilia akaikaza kwenye pindo la kanga, jinsi tulivyofundishwa na mama kufunga sadaka.

“Anasema mtoto akizaliwa watu watakuja kutupongeza,” aliniambia. “Hataki wanikute na pengo. Wenzake wanamtania. Wanamwambia, ‘Ngosha, unatafuta duara la nini, mbona mkeo amefungua lake mdomoni?’”

Duara ni shimo la dhahabu, na ngosha ndivyo wanavyomwita mwanaume wa Kisukuma. Nilikasirika, lakini siyo kwa Ngassa. Hapo nilimwona mume mwema. Wangapi kule dhahabu yao inaishia baa? Huyu yake aliitaka ikae kinywani mwa mkewe. Hasira yangu ilikuwa kwa wote waliouona mdomo ule wakaupita. Mama mkwe wake alimwambia kila mtoto hula jino moja la mama yake, ndivyo tulivyoumbwa. Majirani walimwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Kwenye kliniki ya wajawazito alipimwa tumbo na damu, akapewa vidonge, akarudi nyumbani bila kufungua mdomo.

“Kwa nini hukuwaonyesha?”

“Niliogopa wangening’oa. Si wanasema mjamzito akiguswa jino mimba inatoka?”

“Nani anasema?”

“Watu.”

Watu. Nimewachoka hao watu. Hawana jina wala kijiji, lakini neno lao linatiiwa kuliko la nesi na la padri.

Kabla hatujatoka tulisimama mlangoni, nikamshika mkono, nikasali kwa sauti. Nilimwomba Mungu ampe daktari mkono mwepesi, na mimi anipe ulimi mfupi. La kwanza alilijibu.

Daktari wa meno aliitwa Serafina. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening’inia shingoni kwa uzi, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kumjibu kwa sababu midomo yao iko wazi. Alimlaza Vumilia kwenye kiti, akawasha taa, akaangalia kwa muda mrefu. Aligusa fizi kwa chombo chembamba, damu ikatiririka. Akazima taa.

“Mmekuja kwa ajili ya nini?”

“Kupandikiza jino,” nilisema.

“Leo hakuna kupandikiza.”

“Daktari, hatujaja mikono mitupu. Dhahabu ya jino tunayo.”

“Hata mngekuja na mgodi mzima.”

Hapo ulimi wangu ukafunguka. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyahifadhi tangu asubuhi, na mengine ya miaka ya nyuma. Nilimwambia wanawake wa machimboni nao ni watu. Nilimwambia angekuwa mke wa mkubwa fulani angeshapewa jino analolitaka na chai juu yake. Nilimwambia tumeamka na baridi, mgonjwa anatema damu, na yeye anatujibu kama anafukuza kuku kwenye mtama.

Alinisikiliza huku akivua glavu.

“Umemaliza, mama?”

“Bado.”

“Malizia upesi, maana na mimi nina yangu.” Akamgeukia Vumilia. “Mume wako ni mchimbaji?”

Vumilia akatikisa kichwa kukubali.

“Umewahi kuona wanavyosimamisha matimba?”

Matimba ni magogo yanayozuia kuta za shimo zisiporomoke. Vumilia alisema ameyaona.

“Gogo linasimama kwenye tope?”

“Hapana. Litaanguka na watu.”

“Basi. Jino la kupandikiza linaanza na skrubu. Tunaikaza kwenye mfupa wa taya, kisha tunasubiri miezi mpaka mfupa uikamate. Leo kinywa chako ni tope. Na una mimba. Huo ni upasuaji wa kuchagua, unaweza kusubiri mtoto azaliwe na fizi zipone. Pengo halijawahi kumuua mtu.”

“Kumbe ni kweli mjamzito haguswi jino,” nilisema.

“Si kweli!” Alipiga trei kwa kiganja, vyombo vikalia. “Hilo neno ndilo linalonimalizia wanawake. Kupandikiza kunasubiri, ugonjwa hausubiri. Kusafisha, kuziba, hata kung’oa jino bovu, tunafanya mimba ikiwepo, kwa ganzi, na mama anarudi kwake salama. Mimba hufanya fizi zivimbe upesi na kutoa damu upesi. Hiyo ni sababu ya kuja mapema, siyo ya kukaa nyumbani mkisema mtoto anakula meno. Mtoto mwenyewe hana jino hata moja, atakula kwa nini?”

Nilikuwa bado nimemkasirikia, lakini ilikuwa hasira isiyo na pa kukaa.

Akawasha taa tena. Safari hii aliongea kwa sauti ya chini. “Ila hizi si fizi za mimba peke yake. Hebu nionyesheni hiyo dhahabu.”

Vumilia alifungua fundo la kanga kwa meno ya pembeni, kwa mazoea, akagutuka kwa maumivu, kisha akamalizia kwa vidole. Kwenye karatasi kulikuwa na kipande kidogo chenye rangi hafifu na vitundu kama makombo ya andazi. Daktari hakukigusa. Alivaa miwani yake, akakiinamia.

“Hii ilichomwa wapi?”

“Nyumbani.”

“Nyumbani sehemu gani?”

“Jikoni,” alisema Vumilia.

Asiyejua machimbo inabidi aelezwe. Mawe yakishasagwa na mchanga wake kuoshwa, chembe za dhahabu huwa ndogo mno kuokotwa. Kwa hiyo huchanganywa na zebaki, yale maji mazito ya rangi ya fedha, nayo huzikusanya kuwa donge. Donge hukamuliwa kwenye kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki inaondoka, dhahabu inabaki. Hata mtoto wa machimboni anajua. Lakini inaondoka kwenda wapi? Katika darasa la jioni la watu wazima ninakosoma, mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba kitu kikigeuka mvuke hakijafa, kimehama. Nilikariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba yalikuwa yakimsema mdogo wangu.

“Tangu nishike mimba hawaniruhusu kufika duarani,” Vumilia alieleza. “Wanasema mwenye mimba akisimama juu ya shimo, dhahabu inakimbia. Zamani nilikuwa naosha mchanga na wenzangu. Sasa Ngassa analeta kazi nyumbani. Mimi nakamua donge, yeye anachoma kwenye jiko la mkaa. Tunafunga mlango, watu wasione moto wakajua tumepata.”

“Unakamua kwa mikono mitupu?”

“Ndiyo.”

“Mdomo una ladha gani?”

“Kama nimelamba funguo.”

“Mate?”

“Yananitoka nikilala. Mto unalowa.”

“Mikono inatetemeka?”

Vumilia alinyoosha mikono yake mbele, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Ilikuwa ikitetemeka.

“Nilidhani ni mimba,” alisema.

“Kila kitu mimba!” alisema daktari. “Mimba imekuwa punda wa kubeba mizigo ya kila mtu.”

Nilikaa kwenye benchi. Niliona jambo zima, na lilikuwa la kipumbavu mpaka nikataka kupiga mayowe. Walimzuia asiende duarani ili wailinde dhahabu. Hakuna aliyefikiri kulizuia duara lisije kwake. Lilimfuata jikoni, wakalifungia humo pamoja naye, na mumewe akasimama hapo hapo akipepea moto ili ampatie jino.

Daktari Serafina hakuficha kitu wala hakutia chumvi. Alisema hawezi kuapa kwamba ni zebaki mpaka mkojo upimwe na majibu yarudi. Ila hatasubiri majibu ndipo amtoe mtu kwenye moshi, kwa sababu mvuke ule humpita mama ukamfikia mtoto. Alimsafisha meno siku ile ile, taratibu, kwa ganzi, akitoa uchafu mgumu chini ya fizi. Alimfundisha kupiga mswaki laini hata kama damu inatoka. Kisha akatufikisha mwenyewe kwa nesi wa wajawazito na kumwambia mbele yetu, “Huyu afuatiliwe kwa karibu. Na asirudi kwenye hilo jiko.”

Mlangoni nilimwomba radhi kwa maneno yangu.

“Hasira yako ni nzuri,” alinijibu. “Uliileta tu kwenye nyumba isiyo yake.”

Jioni Ngassa alipiga simu. Vumilia aliweka sauti ya nje.

“Haya cheka nisikie jino linavyolia!”

Vumilia akanipa simu.

“Shemeji Ngassa.”

“Ah! Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba. Lile jiko bado liko ndani?”

“Jiko gani?”

“Unalochomea dhahabu.”

“Shemeji, hayo si ya kusema kwenye simu.”

“Basi nitakuja kuyasema kwa mdomo, maana mimi meno bado ninayo.”

“Mbona umepanda hasira? Huku kila mtu anachoma. Mbona wao hawafi?”

“Umewafungua midomo ukaangalia?”

“Mama anasema kila mtoto hula jino.”

“Mwulize mama, kwenye nyumba yenu mtoto anakula jino au anakula zebaki?”

“Shemeji, hapo unamtukana mama yangu.” Sauti yake ilibadilika. “Jumamosi jumuiya inasali kwetu. Vumilia arudi. Siwezi kupokea watu nyumba haina mwenyewe.”

“Atarudi,” nilisema. “Na mimi nitakuwa nyuma yake.”

Simu ilipokatika Vumilia alinitazama kwa macho makavu.

“Dada, usinivunjie ndoa. Nampenda yule mwanaume.”

“Najua.”

“Sitaki kuachika na sitaki kumzika mtoto. Nataka kukaa nyumbani kwangu na mtoto wangu akiwa mzima. Nataka vyote viwili. Ukienda huko kwa hasira, usinipotezee kimoja.”

Siku zilizofuata sala yangu haikuwa na adabu. Nilimwuliza Mungu kwa nini aliiweka dhahabu chini ya miguu ya watu wasiofundishwa namna ya kuigusa. Nilimwuliza kuhusu wauza zebaki wanaoimimina kwenye vichupa vya dawa ya macho na kuiuza kama mafuta ya taa, bila kumwambia mwanamke hata neno moja. Nilimwuliza pia kuhusu semina za wachimbaji zinazokuja na kofia na kuondoka na kofia. Hakunijibu. Lakini kila nilipoinuka magotini, hasira yangu ilikuwa imenyooka zaidi, kama panga lililopitishwa kwenye jiwe.

Jumamosi tulifika kwa Ngassa watu wakiwa wameanza kukusanyika. Walikuwa wametandaza turubai uani, mabenchi chini yake, na meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Ilikuwa Jumuiya ya Mtakatifu Ana. Mwenyekiti wao, mzee Theonest, mwenye karasha la kusagia mawe, alikuwa akichagua nyimbo. Ngassa alitoka mbio kutupokea, mrefu, shati limepigwa pasi, tope la shimoni bado liko chini ya kucha.

“Karibuni nyumbani! Mama Kijacho, karibu!”

Vumilia hakuvuka lango. Alibaki amesimama kando ya wigo, kanga mdomoni, jinsi tulivyokubaliana.

“Mbona anasimama huko kama mgeni wa msiba?” aliuliza mama yake Ngassa, akitoka jikoni na birika la chai. Alikuwa mwanamke mzee mwembamba, na alipozungumza ulimi wake ulionekana, maana meno ya mbele hakuwa nayo.

“Shikamoo, mama,” nilisema.

“Marahaba, mwanangu. Mhola?” aliniuliza kwa Kisukuma, kama mambo ni shwari.

“Si mhola, mama. Naomba niingie jikoni.”

Niliingia kabla hajajibu. Jiko la mkaa lilikuwa katikati, juu yake sufuria la chai likitokota. Kando, juu ya rafu, nilikiona kikaango kidogo cheusi, na kitambaa kigumu kimetundikwa kwenye msumari mmoja na mwiko wa ugali. Na kile kichupa cha zebaki, Mungu ni shahidi, kilikuwa kimekaa kati ya chumvi na majani ya chai.

Nilitoka nikasimama mlangoni. Wanawake walikuwa wameanza kushika vikombe.

“Wekeni chini hiyo chai.”

“Kuna nini?” mtu aliuliza.

“Wekeni chini! Imechemshwa juu ya jiko la kuchomea dhahabu. Zebaki inakaa na chumvi humu ndani. Mnakunywa nini?”

Vikombe vilisimama hewani. Mama Ngassa alipaza sauti kwa mshangao.

“Huyu binti amekuja kuniita mchawi mbele ya wana jumuiya!”

“Zipora,” mzee Theonest aliniita kwa jina langu, “hapa ni mahali pa sala.”

“Ndiyo maana nayasema hapa, mzee. Mngekuwa baa ningewapita.”

Jirani mmoja aliguna kicheko, akakimeza.

Niliwaeleza. Sikusema kwa utaratibu. Niliruka huku na huku, na mara mbili nililia kwa ghadhabu na kujifuta kwa kiganja. Niliwaeleza mvuke unakokwenda. Niliwaeleza daktari alivyosema, kwamba kinywa cha mjamzito hutibiwa, na kwamba jino la kupandikiza litasubiri lakini moshi hausubiri. Niliwauliza wanaume kwa nini wana akili ya kuificha dhahabu isikimbie, na hawana ya kumficha mtoto aliye tumboni.

“Maneno ya mjini,” alisema Ngassa. Uso wake ulikuwa umekaza. “Shemeji, mimi nilikuwa namnunulia jino! Nani hapa amewahi kumnunulia mkewe jino? Nimeshinda shimoni, sijanywa, sijaoa wa pili. Kosa langu liko wapi?”

Hapo Vumilia akavuka lango. Alitembea mpaka mezani, akashusha kanga, akafungua mdomo mbele ya watu wote. Hakuharakisha. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, wakaona pengo, na fizi zilizovimba, na jino lililolegea. Mtoto mmoja alijificha nyuma ya mama yake.

“Ngassa,” alisema, “hilo jino ulilokuwa unaninunulia ndilo lililoning’oa hili.”

Alifungua fundo, akaiweka ile dhahabu mezani, chini ya msalaba.

“Siitaki kinywani mwangu. Sikuja kukuacha. Lakini humo ndani siingii, na huyu hazaliwi humo, mpaka useme mbele yao kwamba umekoma.”

Nyuma ya benchi mwanamke aliyeitwa Asteria aliinua mkono kama mwanafunzi. “Na mimi yanacheza,” alisema. “Nilidhani ni uzee.” Hakuwa na miaka thelathini. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto wake wa kwanza alitoka kabla ya siku zake, na mumewe alikuwa akichomea chumbani. Hakuna aliyejua kama moshi ndio uliomtoa. Lakini wanaume waliinamisha vichwa.

Mama Ngassa alikuwa bado ameshika birika. Aliliweka chini.

“Kwa hiyo nisingeyapoteza?” aliniuliza. “Haya yangu? Kwetu hakukuwa na zebaki, tulilima pamba. Kila mimba fizi zilivimba, jino likaenda. Mama yangu aliniambia ni kodi ya uzazi. Nami nikalipa, nikanyamaza.”

“Sijui, mama. Labda yangetibiwa, mengine yangebaki.”

“Labda,” alirudia. Alimgeukia mwanawe, na hasira niliyoiona usoni kwake ilikuwa nzee kuliko yangu. “Na mimi nikamwambia mkeo hivyo hivyo! Nikamkabidhi kodi ambayo hakuna aliyeniomba. Ngassa! Msikilize mkeo!”

Ngassa alipitisha mkono usoni. “Sawa. Nitajitahidi.”

“Kujitahidi siyo ahadi,” nilisema.

“Shemeji, unataka nini? Nikichomea nje, wezi wataona.”

“Una mzee mwenye karasha hapa. Mwulize.”

Mzee Theonest alikohoa. Ndipo tukajua kwamba nyuma ya karasha lake kipo chombo cha chuma chenye mfuniko, kinachofunga moshi wa zebaki na kuirudisha ndani ya maji, kilicholetwa na watu wa semina. Kilikuwa kimelala hapo, kuku wakitagia humo.

“Wachimbaji walisema kinawachelewesha,” alijitetea.

“Kinawachelewesha kwenda wapi, mzee?” nilimfokea, na sijamwomba radhi mpaka leo. “Kuna mtu hapa anayekimbizwa?”

Alivumilia. Kisha akasema kitafutwe leo, kisafishwe, kifungiwe kwenye uzio wake, na kila mwenye donge akachomee huko, mbali na nyumba, wala asidaiwe kitu.

“Tumesikia,” alisema Asteria. “Lakini ahadi ya mchimbaji ina maisha mpaka donge lijalo. Ngassa aseme mwenyewe.”

“Na mshumaa uwashwe,” alisema mama yake. “Asije akasema alikuwa anatania.”

Mtu akawasha mshumaa. Upepo ulikuwa bado unavuma, ikabidi mzee Theonest aukinge kwa kitabu cha nyimbo. Ngassa aliingia jikoni peke yake. Alitoka na jiko, kikaango na kile kitambaa, amevibeba kwa urefu wa mikono yake, akaviweka nje ya wigo. Kichupa alikitoa mwisho, kimefungwa, akamkabidhi mzee Theonest, ambaye alikipokea kama anapokea nyoka. Kisha akasimama mbele ya meza, kando ya mkewe, bila kumgusa. Akasema kwa nguvu, mpaka watu waliokuwa wakipita njiani wakasimama.

“Mimi Ngassa, mbele ya Mungu, na mama yangu, na shemeji Zipora, na ninyi nyote wa Mtakatifu Ana: kuanzia leo sichomi tena dhahabu kwenye nyumba ninayolala na mke wangu, wala zebaki haivuki tena lango hili, wala Vumilia haigusi kwa mkono wake. Jiko hili tutalibomoa pamoja na udongo wake na kujenga lingine, na mpaka hapo atakaa kwa dada yake, nami nitakuwa naenda kumwona kama mchumba. Kila atakapoitwa hospitali, kwa tumbo au kwa kinywa, nitampeleka mwenyewe. Jino atapandikiziwa akishajifungua, siku daktari atakayosema, siyo siku ninayoitaka mimi. Na nikilivunja neno hili hata mara moja, hata kwa donge dogo kama punje ya mtama, mchukueni yeye na mtoto, mkanifungie mimi humo ndani na moshi wangu.”